Lignini: kwa nini ng'ombe anashiba mabua lakini maziwa hayapandi, na fangasi wanavyoweza kukusaidia

 

Kiangazi kimoja nilikaa na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mama mmoja akanyoosha mkono akasema: "Bwana shamba, ng'ombe wangu anamaliza mabua yote ninayomwekea. Tumbo linajaa kama ngoma. Lakini maziwa yameshuka toka lita nane mpaka tatu. Hebu niambie, hayo mabua yanakwenda wapi?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba mabua hayana protini ya kutosha. Si uongo. Mabua makavu ya mahindi yana protini kama asilimia 3 hadi 5 tu. Lakini lilikuwa jibu nusu. Nusu iliyobaki inahusu kitu kinaitwa lignini, na ukitaka kukielewa vizuri inabidi tupite kwanza kiwanda cha karatasi, halafu ndo turudi bandani. Usichoke njiani. Mwisho tutaona hatua kwa hatua namna ya kuotesha uyoga kwenye mabua na kutumia mabaki yake kama lishe, na nitakueleza kosa nililofanya mimi mwenyewe ili wewe usilirudie.

1. LIGNINI NI NINI?

Mti, bua la mahindi, jani la mpunga, vyote vinasimama kwa sababu ya vitu vitatu vikubwa. Fikiria nguzo ya nyumba ya zege:

- Selulosi ndiyo nondo. Ni nyuzi ndefu na imara, na kwa undani wake ni sukari iliyoungana kwenye minyororo mirefu.
- Hemiselulosi ndiyo waya wa kufungia nondo. Nayo ni sukari, ila minyororo yake ni mifupi na ina matawi.
- Lignini ndiyo zege lenyewe. Inajaza nafasi zote katikati, inagandamana na kukauka, na ndiyo inayofanya mti uwe mti.

Kwenye mbao, lignini huwa kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito mkavu. Misindano (wengine huita paina) ina lignini nyingi kuliko milingoti. Kwenye mabua na nyasi ni kidogo zaidi, lakini inaongezeka kadiri mmea unavyokomaa. Ndo maana nyasi changa zinaongeza maziwa na nyasi zilizokomaa zinajaza tumbo tu.

Sasa, ng'ombe ana vijidudu ndani ya tumbo lake la kwanza vinavyoweza kuvunja selulosi na kuipata ile sukari. Shida ni kwamba selulosi imezungushiwa lignini. Na lignini haivunjiki mle tumboni, kwa sababu kuivunja kunahitaji oksijeni, na tumbo la kwanza la ng'ombe karibu halina oksijeni kabisa. Chakula kimo ndani lakini mlango umefungwa. Ng'ombe wa yule mama alikuwa na njaa tumbo likiwa limejaa.

2. KIWANDA CHA KARATASI KINA SHIDA HIYOHIYO

Unaona malori ya magogo yanayoshuka kwenda kiwanda cha karatasi Mgololo, wilayani Mufindi? Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizolazwa pamoja na kukaushwa. Mwenye kiwanda anataka nondo, hataki zege. Kwa hiyo kazi kubwa ya kutengeneza karatasi nzuri ni kutoa lignini kwenye mbao.

Ukitaka ushahidi, chukua gazeti la zamani lililokaa juani. Limegeuka njano, sivyo? Karatasi ya gazeti mara nyingi hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu bila kupikwa, lignini ikabaki humohumo. Ile njano ni lignini inayobadilika rangi kwa mwanga.

Njia inayotumika zaidi duniani ni kupika vipande vya mbao kwenye mtungi mkubwa wenye mgandamizo, kwenye joto la karibu nyuzi 170, pamoja na soda kostiki (ileile ya watengeneza sabuni) na dawa nyingine yenye salfa. Njia hii ilibuniwa na Carl Dahl huko Ujerumani mwaka 1879. Inatoa karatasi imara sana, ndiyo ya kaki unayoiona kwenye mifuko ya saruji. Lignini inayotoka inabaki kwenye maji meusi, ambayo viwanda huyachemsha yawe mazito kisha huyachoma kama kuni ili kupata nishati.

Hata baada ya kupika, asilimia chache za lignini hubaki kwenye rojo la mbao, ndiyo inayolipa ile rangi ya kahawia. Ukitaka daftari jeupe lazima uitoe hiyo iliyobaki. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya na Marekani vilitumia gesi ya klorini. Miaka ya 1980 ikagundulika kwamba klorini ikikutana na mabaki ya lignini inazaa sumu za jamii ya dioksini, zinazokwenda mtoni, zinaingia kwenye samaki, na hazitoki kirahisi mwilini. Hapo ndo wataalamu wakazidi kutafuta fundi mwingine wa kutoa lignini. Fundi huyo alikuwepo msituni siku zote.

3. FANGASI: FUNDI WA MSITUNI

Kama lignini ingekuwa haivunjiki, misitu ingejaa magogo ya tangu enzi za mababu. Wapo wanaoyala. Ukiingia msituni angalia magogo yaliyooza, utaona aina mbili:

- Gogo limekuwa la kahawia, limepasukapasuka vipande vya mraba kama mkaa. Hapa fangasi amekula selulosi, lignini akaiacha.
- Gogo limekuwa jeupe, laini, lenye nyuzinyuzi kama pamba. Hapa fangasi amekula lignini. Huyu ndiye tunayemtaka. Tumwite fangasi wa uozo mweupe.

Fangasi huyu hana meno wala tumbo. Anatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinavunja mti, kisha ananyonya kilicholainika. Mwaka 1983 makundi mawili ya wanasayansi Marekani, moja Wisconsin na jingine Oregon, yalitangaza kugundua kimeng'enya kinachovunja lignini kutoka kwa fangasi aitwaye Phanerochaete chrysosporium. Kikapewa jina la peroksidesi ya lignini. Baadaye ikajulikana kwamba fangasi wa uozo mweupe wana ndugu zake pia: peroksidesi inayotumia madini ya manganizi, na kingine kiitwacho lakesi, ambacho kinatumia oksijeni ya hewani moja kwa moja.

Shika neno hilo, oksijeni. Bila hewa fangasi hawezi kazi hii. Tutalihitaji tukifika kwenye mifuko ya uyoga.

Na usidhani ni mambo ya maabara tu. Ule uyoga mkubwa wa kichuguu tunaookota mvua zikianza ni zao la mchwa. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawamalizi kuni na majani peke yao. Wanalima fangasi chini kule, fangasi anawalainishia chakula, ndo wanakula. Mchwa alianza kilimo cha uyoga kabla yetu.

4. VIWANDANI WALIMTUMIAJE?

Kwanza walijaribu kumpanda fangasi mwenyewe. Huko Madison, Wisconsin, walichukua vipande vya mbao, wakavipitishia mvuke kuua vijidudu, wakavipoza, wakavichanganya na mbegu ya fangasi pamoja na maji yaliyobaki viwandani baada ya kulowekea mahindi, wakavirundika kwa wiki mbili huku wakipitisha hewa. Mbao zikalainika kiasi kwamba umeme wa kuzisaga ulipungua kwa karibu asilimia 30. Kikwazo ni kwamba kiwanda kinataka mbao leo, si baada ya wiki mbili.

Pili walitumia vimeng'enya bila fangasi. Lakesi ina shida: ni kubwa, haipenyi kwenye ukuta wa uzi, kwa hiyo inahitaji kemikali ndogo iwe mjumbe wake, na mjumbe huyo ana gharama. Mwaka 1986 Liisa Viikari na wenzake nchini Finland wakaonyesha njia ya mzunguko. Kimeng'enya kiitwacho zailanesi hakigusi lignini kabisa. Kinakata hemiselulosi, yaani ule waya wa kufungia nondo. Waya ukilegea, lignini inatoka kirahisi na dawa ya kung'arishia inapungua. Ndicho kimeng'enya kilichopokelewa na viwanda vingi zaidi.

Zailanesi hiyo mara nyingi hutoka kwa fangasi wa jamii ya Trichoderma. Mkulima wa uyoga akisikia jina hilo anashtuka, kwa sababu ndiye ukungu wa kijani anayeharibu mifuko yake! Kiwandani ni mfanyakazi, kwenye banda lako la uyoga ni mwizi.

5. TUNARUDI BANDANI

Kusini mwa Chile kuna magogo ya msituni yaliyooza uozo mweupe, na wenyeji tangu zamani huwapa ng'ombe wao wakala. Wanayaita palo podrido, yaani mti uliooza. Fangasi ameshatoa sehemu kubwa ya lignini, kilichobaki ni selulosi. Zege limevunjwa, nondo imebaki, na ng'ombe anaimudu.

Sisi hatuna haja ya kusubiri gogo lioze. Tunaye fangasi wa uozo mweupe anayepatikana kwa mbegu, anayeliwa, na mwenye soko: uyoga mamama. Huyu hutoa lakesi na peroksidesi ya manganizi. Ukimpanda kwenye mabua, unavuna uyoga kwanza, na mabaki yake yanaweza kuwa lishe.

Fuata hatua hizi:

(a) Chagua mabua makavu, masafi, yasiyo na ukungu. Mabua ya mahindi, ngano au mpunga yanafaa. Kama lengo ni lishe, usitumie maranda ya mbao, maana huwezi kujua mbao ilipakwa dawa gani.

(b) Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5. Loweka usiku kucha kwenye maji safi.

(c) Pika kwa mvuke kwenye pipa. Weka matofali na chekecheke chini ili mabua yasiguse maji, funika, yakishapata moto vizuri endelea kwa saa 3 au 4. Wapo wanaoua vimelea kwa kuloweka kwenye dawa za kemikali badala ya moto. Kama ng'ombe atakula mabaki, usifanye hivyo.

(d) Mwaga kwenye turubai safi, yachuje na yapoe kabisa. Kamua kwa mkono: yakitoka matone mawili matatu tu, sawa. Yakichuruzika, bado. Maji mengi yanaziba hewa, na bila hewa fangasi wako anakufa, wanabaki bakteria wa kuozesha.

(e) Nawa mikono, panda mbegu kwa tabaka ndani ya mifuko, gramu 30 hadi 50 za mbegu kwa kila kilo 1 ya mabua yaliyolowa. Shindilia kiasi, funga, toboa matundu madogo pande zote.

(f) Weka chumba chenye giza na joto la nyuzi 20 hadi 28 kwa wiki 3 au 4, mpaka mfuko uwe mweupe wote. Huku kwetu kwenye baridi inaweza kuchelewa, usikate tamaa.

(g) Mfuko ukishakuwa mweupe, ongeza mwanga na hewa, chana matundu, nyunyizia maji sakafuni na ukutani mara mbili tatu kwa siku. Uyoga ukitokeza, vuna kabla kingo hazijakunjuka na kuanza kumwaga unga mweupe. Funga kitambaa puani unapovuna, unga ule unasumbua kifua.

(h) Vuna mikupuo miwili, halafu simama kama unataka lishe. Hapa ndo wengi wanakosea. Mfuko unaweza kutoa mkupuo wa tatu na wa nne, lakini lignini siyo chakula pekee cha fangasi. Kadiri unavyomwacha, anakula na selulosi na hemiselulosi, yaani sehemu ya ng'ombe wako. Ukitaka kuvuna mpaka mwisho vuna, ila mabaki hayo yapeleke shimo la mboji.

6. KOSA LANGU

Yule mama na wenzake walikuwa wa kwanza kujaribu. Uyoga ulitoka vizuri, wakauza. Nikawaambia, "Mabaki sasa wapeni ng'ombe." Nikaondoka. Sikuwaambia wachambue.

Mama akamimina mifuko yote horini, na ile yenye madoa ya kijani imo. Ng'ombe akala kidogo akaacha, usiku akaanza kuharisha. Daktari wa mifugo alipofika akashauri maziwa yamwagwe mpaka mnyama apone, kwa sababu baadhi ya ukungu unatoa sumukuvu, na sumukuvu inapita kwenye maziwa mpaka kwa mtoto anayeyanywa. Siku sita maziwa yalimwagwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yanalipa ada. Mama hakunilaumu kwa maneno, lakini kikao kilichofuata hakuja. Nilimfuata nyumbani kuomba radhi. Elimu nusu ni hatari kuliko kutokuwa na elimu.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mnyama mabaki ya uyoga:

- Toa plastiki na kamba zote, hata vipande vidogo. Vikiingia tumboni havitoki.
- Fungua kila mfuko peke yake. Uwe mweupe au kahawia hafifu na unukie uyoga. Ukiona kijani, nyeusi, chungwa, au harufu ya kuoza, hata kama ni doa dogo, mfuko wote uende mboji. Usikate kipande kizuri ukakitumia, sumu haionekani kwa macho.
- Anika juani kwenye turubai siku mbili tatu mpaka yakauke, hifadhi pakavu.
- Anza kidogo, kama kilo 1 kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki mbili. Yasizidi robo ya chakula cha siku. Majani mabichi, pumba na mashudu vibaki palepale, maana fangasi hatengenezi protini ya kutosha ng'ombe wa maziwa.
- Usiwape ndama wadogo.

7. FANYA HESABU KWANZA

Ukianza na kilo 100 za mabua makavu na ukafanya vizuri, unaweza kuvuna kilo 50 hadi 100 za uyoga mbichi. Lakini mabaki makavu hayawi kilo 100 tena. Fangasi amekula na kupumua, nawe umeondoa uyoga. Weka akilini kwamba karibu theluthi moja imekwenda, unabaki na kama kilo 65.

Maana yake ni nini? Kama una soko la uyoga na mabua ya ziada, njia hii ni nzuri: uyoga ndiyo fedha, lishe ni nyongeza. Kama huna soko na mabua yenyewe hayatoshi mpaka mvua zije, usimkaribishe fangasi kwenye ghala lako. Atakusaidia kula.

Mwenye hali hiyo atumie urea. Changanya kilo 4 za urea kwenye lita 50 za maji, ikolee kabisa, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu tabaka kwa tabaka, funika kwa plastiki isipitishe hewa kwa wiki 3. Urea inageuka amonia, na amonia inalegeza lignini, vilevile kama soda kostiki kiwandani ila kwa upole zaidi. Pia inaongeza naitrojeni ambayo vijidudu vya tumboni vinaitumia. Fungua, acha yapigwe na hewa siku nzima ndipo ulishe. Usimpe ndama chini ya miezi 6, wala punda, wala nguruwe. Na mnyama asinywe kamwe maji yenye urea, yanaua haraka.

Kwa kifupi, kiwanda na mfugaji wanapambana na zege lilelile. Urea ni njia ya kiwandani, uyoga ni njia ya msituni. Zote mbili zinafanya kazi, chagua kwa hesabu yako.

Yule mama alirudi kikundini. Kiangazi kilichofuata alichambua mifuko mmoja mmoja, nami nikiwa nimekaa pembeni yake. Maziwa hayakurudi lita nane, nisikudanganye. Yalikaa kwenye tano mpaka mvua ziliponyesha, na ada ya muhula ilitoka kwenye uyoga.

Kama mabua yako bado yako shambani, usiyachome moto mwaka huu. Yakusanye yangali makavu, yaweke chini ya paa, kisha ongea na afisa ugani wa kata yako kuhusu mbegu za uyoga zilizo karibu. Somo lijalo tutaangalia mboji ya mabaki ya uyoga kwenye bustani ya mboga. Kazi njema.